Choo Kilicholeta Kombe Bonga

Choo cha Domitila kilianza kupanda cheo siku Bwana Yoakimu aliposhikwa na tumbo.

Kabla ya hapo kilikuwa choo tu, mali ya mjane mmoja wa Bonga, nje kidogo ya mji wetu wa Babati, nyuma ya nyumba yake, kando ya barabara ya Dodoma. Bwana Yoakimu alikuwa katibu wa kamati yetu katika Umoja wa Miji Mipya. Umoja huo ulizaliwa miaka ile mkoa wa Manyara ukiwa bado unanuka rangi mbichi, tumeshamegwa kutoka Arusha na hatujazoea kuitwa makao makuu ya kitu chochote. Miji kadhaa midogo ya mikoa ya jirani, yote yenye vumbi lilelile na majigambo yaleyale, ilikubaliana kutembeleana, kujifunza na kushindana. Walichojifunza sikijui. Kutembeleana walitembeleana mpaka magari yakaomba likizo.

Basi siku hiyo Bwana Yoakimu alikuwa anarudi kutoka kuwasindikiza wageni. Njiani alikuwa amekula nyama ya mbuzi ya mnadani, akaishushia maziwa mgando, kisha akapanda gari kwenye barabara ambayo enzi zile ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na mawe. Walipofika Bonga tumbo lilimwamuru ashuke, naye akatii. Sijawahi kumwona kiongozi akiitikia wito wa wananchi kwa kasi ile.

"Hodi hapa! Shikamoo mama. Choo kiko wapi?"

"Marahaba, baba. Karibu kwanza ukae, unywe ma..."

"Nitakaa hukohuko, mama!"

Akaingia, akakaa. Akakaa sana. Dereva alipiga honi mara ya kwanza, akapiga ya pili, kisha akazima injini na kujilaza. Bwana Yoakimu alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeoteshwa.

"Mama," alisema akifunga mkanda, "kile kiti cha saruji mle ndani, kakujengea nani?"

Sasa hapo lazima nikueleze habari za huyu mama, maana Bwana Yoakimu hakungoja kuelezwa.

Domitila, ambaye sisi wote tulimwita Mama Baltazar, alizaliwa Sigino akaolewa Bonga. Mumewe alikuwa kibarua wa barabara, akafukia mashimo ya watu mpaka naye akafukiwa. Akamwachia mtoto mmoja, Baltazar, na shamba la mahindi na mbaazi linaloanzia nyuma ya nyumba mpaka ukingo wa barabara. Mama alilima, akasomesha, akavuna, akauza. Kisha mwaka mmoja dume la jirani likakata kamba, likampitia yeye mlangoni kwake kama lori lisilo na breki. Nyonga ikavunjika. Hospitali walifanya waliyoweza na mganga wa mifupa akafanya yake, lakini mfupa ulipounga uliunga kwa masharti yake wenyewe: kusimama ndiyo, kukaa ndiyo, kuchuchumaa hapana.

Na nchi hii, ndugu yangu, imejengwa juu ya kuchuchumaa. Tunachuchumaa kupika, kufua, kupalilia, na kwenye jambo lile ambalo waheshimiwa huliita haja. Kwa miaka mingi Mama Baltazar alikwenda chooni akiwa na mti ameuchimbia pembeni ya tundu, akiushika kwa mikono miwili kama mtu anayekamua ng'ombe mkorofi. Mara nyingine mkono uliteleza. Hayo hakumsimulia mtu ila jirani yake, Mama Muzamil wa dukani, ambaye ndiye aliyemwinua na kumwogesha, akapiga bismillahi na asilitaje tena.

Baltazar alikuwa Mererani, mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite, miaka yote anachimba na kutoka na kikohozi. Msimu mmoja akapata jiwe dogo la maana. Wenzake wakipata jiwe hununua pikipiki na viatu vya kung'aa. Baltazar alipeleka kwao saruji, tofali na mabati. Fundi akajenga choo, na ndani yake akainua kiti cha saruji, akakisugua mpaka kikawa laini kama shavu la mtoto, akakiwekea kifuniko cha mbao. Siku ya kwanza mama alikaa humo muda mrefu hata Mama Muzamil akaja kugonga mlango.

"Mama Balta! Umekufa?"

"Nimepumzika."

"Chooni?"

"Mwenzangu, wewe una magoti. Huwezi kuelewa."

Ndicho hicho kiti alichokikalia Bwana Yoakimu. Wiki haikuisha, akarudi na kamati nzima, watu wazima na tai zao, wakapishana kuingia na kutoka kama wanaaga maiti.

"Mama, huu ni ubunifu," alisema Yoakimu.

"Sikubuni, baba. Nina nyonga."

"Huo ndio ubunifu wenyewe! Mashindano ya Umoja mwaka huu ni usafi na vyoo. Wenzetu wana majengo, wana lami. Sisi tuna nini? Tuna hiki. Na kipo barabarani, mgeni hachafui kiatu. Tunakiomba kiwe choo cha mfano cha mji."

Mtu mwingine angeuliza: nanyi mkikichukua, mimi niende wapi? Lakini Mama Baltazar alilelewa Sigino, na kule mgeni akiingia hupewa kigoda kizima, mwenyeji akakalia gogo. Mgeni haulizwi amefuata nini wala ataondoka lini. Ukimuuliza, umemfukuza. Kosa lake likawa hilo: kamati ilipoingia uani, yeye aliona wageni. Akawapa ufunguo kwa mikono miwili, na goti moja lile zima akalikunja kidogo.

Tena tusimfanye malaika. Alipenda. Jarida la Umoja lilipotoka, lile lililojaa waheshimiwa wakikata utepe, ukurasa wa mbele palikuwa na choo chake, naye amesimama pembeni na kitenge cha kanisani. Alikwenda nalo sokoni, akaenda nalo jumuiya, akamwonyesha hata mwenye dume lililomvunja nyonga. "Umeona? Kama si ng'ombe wako, Babati ingejulikana kwa nini?"

Kufuli la kamati likaning'inia mlangoni. Juu yake wakapigilia kibao: CHOO CHA MFANO. KISITUMIKE BILA KIBALI. Mama akauliza kwa upole kama na yeye anahitaji kibali.

"Mama, hiki si cha kutumia," Yoakimu alimweleza kwa huruma, kama daktari. "Kikitumika kitachafuka. Kikichafuka si mfano tena. Vumilia kidogo tu, mpaka majaji wapite."

Alivumilia. Akarudi kwenye tundu la zamani na mti wake, na tundu lenyewe lilikuwa limeanza kubomoka. Na huku wageni wakimiminika. Miji ile yote ilituma wajumbe kuja kujifunza, na kila msafara ulifika ukiwa umerushwarushwa na barabara tangu Kondoa, kibofu kimejaa. Kwa hiyo choo kisichotumika kilitumika sana, ila si na mwenyewe. Wanajifunza kwa foleni. Wanatoka wakitikisa vichwa kwa heshima, wanapewa maji ya chupa na chakula kwenye vifurushi, wanakula wamesimama kivulini, wanasifu, wanaondoka. Hapo vibarua wa kamati hufagia ua haraka kabla msafara mwingine haujatokea. Na uchafu wapeleke wapi? Dampo liko mbali. Walifunua kifuniko cha mbao, wakatumbukiza chupa, vifurushi, mifupa ya kuku, vibendera, wakafunika. Ua ukang'aa kama sahani iliyolambwa.

"Mama Balta," Mama Muzamil alimwambia siku moja akipima sukari, "choo chako kinakula kuliko wewe."

"Wageni, mwenzangu. Utawaambia nini?"

"Waambie una haja! Au wewe mwenzetu umeshakuwa picha, huendi tena?"

Wakacheka wote wawili. Kisha Mama Baltazar akaacha kucheka, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba juzi mkono uliteleza tena. Mama Muzamil akaweka chini kijiko cha kupimia. Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata mumewe Bushiri alipougua, akaenda naye nyumbani, akachemsha maji. Alipokuwa anamsugua mgongo ndipo aliposema, "Siku ya majaji mlango watauacha wazi. Mimi sijasema kitu."

Siku ya majaji ikafika. Bwana Yoakimu alikuja na suti ya kijivu iliyomfanya afanane na tofali. Alifungua kufuli, akaweka karatasi laini, akaweka chupa ya marashi na maua ya plastiki, akasimama nyuma hatua chache kukitazama kama bwana harusi. Mara vumbi likaonekana barabarani. Akakimbia kuupokea msafara, mlango kauacha wazi.

Mama Baltazar akaondoka kizingitini kwake na fimbo yake. Hakukimbia, hana cha kukimbilia. Aliingia, akafunga komeo kwa ndani, akakaa.

Majaji walishuka. Kiongozi wao, mheshimiwa mmoja mama mnene mwenye kilemba, alisalimiana na kila mtu kwa mkono mmoja, mwingine ameshika tumbo. Ngoma ilikuwa haijamaliza kupigwa, yeye tayari yuko mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu," sauti ikajibu kutoka ndani. "Ila pana mtu."

Bwana Yoakimu aligeuka rangi ya suti yake. "Mama! Toka, wageni wamefika."

"Na mimi nimefika, baba. Kabla yao."

"Mama Baltazar, utatuaibisha mbele ya mikoa!"

"Mkoa una choo chake? Uende."

Watu wa Bonga tuliokuwa pale tuling'ata vidole tusicheke. Mjumbe mmoja alikuwa ameanza kuhama mguu hadi mguu. Yoakimu akabadilisha sauti, akaitia asali. "Mama yangu, nakuomba. Dakika moja tu, kisha utarudi."

"Mwaka mzima unaniambia kidogo tu. Mimi ni mtu, Yoakimu. Nina tumbo kama lako. Siku ile ulipokuja umelishika, nilikuuliza kibali?"

Hata ngoma ikanyamaza. Nikasema moyoni: leo, leo basi, maneno yameingia. Mheshimiwa mwenye kilemba alikuwa amesikiliza yote, kichwa kakiinamisha upande mmoja. Macho yakamlengalenga. Akawageukia wenzake.

"Mmeona?" alisema. "Mmesikia? Wenzetu wametuonyesha vyoo. Hawa wametuletea igizo! Na mtumiaji mwenyewe! Jamii imeshirikishwa kwa vitendo!"

Akapiga makofi. Majaji wakapiga makofi. Bwana Yoakimu, aliyekuwa tayari amekufa, alifufuka, akapiga makofi kuliko wote. Mle ndani mama akavuta komeo. Alipotoka alikuta wamejipanga mistari miwili, wanampongeza, kila mmoja anamshika mkono na kumpita mbiombio kuingia alikotoka.

"Umecheza vizuri sana, mama," mheshimiwa alimwambia akiingia.

"Sikucheza," akasema Mama Baltazar. Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Kombe likaja Babati. Kubwa, la rangi ya dhahabu, lina masikio kama ya sungura. Lilizungushwa mjini juu ya gari, likapita Maisaka, likapita stendi, likaja mpaka Bonga, mama akaruhusiwa kuligusa. Na kuanzia hapo mambo yakageuka, kwa sababu kila msafara uliokuja ulitaka kuona na igizo. Yule aliyekatazwa kukaa sasa akaamriwa kukaa.

"Jumanne wanakuja watu wa Singida, mama," Yoakimu atamwambia. "Saa tano uwe ndani. Yale maneno ya mkoa una choo chake, usiyasahau, yanapendwa."

"Na nikitaka Jumatatu?"

"Jumatatu hakuna wageni."

Akawa anabana mpaka Jumanne. Hujaona ukatili wenye adabu kama huo. Alisema maneno yale, wageni wakacheka, wakapiga makofi, akatoka. Na mara chache alipokaa pale kweli, kwa haja ya kweli, huku mlangoni watu wanangoja aseme cha kuchekesha, ndizo alizohesabu kuwa faida. Vibarua nao wakaendelea kufagia na kutumbukiza.

Mwaka uliofuata Umoja ulikutana na kutangaza mashindano mapya. Safari hii ni miti. Choo hakikutajwa hata kwenye hotuba ya kufunga. Bwana Yoakimu alikuja mbio mbio, gari linanguruma nje, miche imejaa nyuma.

"Mama, asante sana kwa uvumilivu. Ufunguo huu hapa. Ni chako sasa, moja kwa moja."

Mama Baltazar aliupokea kwa mikono miwili. Hakungoja gari liondoke. Alikwenda, akang'oa kibao kwa ncha ya fimbo, akafungua, akafunua kifuniko.

Kilikuwa kimejaa. Kimejaa mpaka juu, mpaka kwenye mdomo wa kiti. Chupa, vifurushi, mifupa, vibendera, na chini yake, na katikati yake, miji yote ya Umoja.

"Yoakimu!" aliita. Yoakimu akarudi, akachungulia, akaziba pua kwa tai.

"Dah. Mama, hapa linatakiwa gari la kunyonya."

"Lilete."

"Mji hauna. Lilikuwa kwenye maazimio." Akafikiri. "Na hata lingekuwepo, chupa haziwezi kunyonywa. Itabidi uchimbe kingine."

"Nichimbe? Na kiti?"

"Mama yangu, ningekusaidia, Mungu anaona. Lakini mwaka huu ni miti." Na ili asimwache mikono mitupu, alimpandia mti mmoja, mbele ya mlango wa choo, akauwekea wigo wa miiba usiliwe na mbuzi.

Baltazar alipopigiwa simu kutoka dukani kwa Mama Muzamil alikohoa kwanza. Jiwe lile lilikuwa moja. Shimo lake sasa lilikuwa na maji. Aliahidi, kama anavyoahidi mtu anayejua hatatimiza, na anayeahidiwa naye anajua.

Tundu la zamani lilikuwa limeshabomoka lote, pamoja na mti wake. Mama Muzamil alimkaribisha kwake, lakini kwake ni kuchuchumaa. Mwishowe mumewe, Bushiri, alichukua kiti cha plastiki cha dukani, akakitoboa tundu katikati kwa kisu kilichopashwa moto. Wakakiweka shambani, katikati ya mbaazi, maana nyuma ya nyumba pengine pote ni wazi. Mbaazi zilikuwa zimesimama juu ya kichwa cha mtu, majani yamefungamana. Kila asubuhi mama alijipenyeza humo na fimbo yake na jembe la kufukia. Malori ya Dodoma yalipita pale karibu kabisa, hayaoni kitu.

Mahindi yalivunwa, mbaazi zikabaki, kama kawaida. Zikaiva. Majirani wote wakakata. Ndipo Anselm, mnunuzi wa mbaazi, akaja na magunia yake, kijana wa heshima aliyekuwa akinunua kwa mama kila mwaka.

"Shikamoo Mama Baltazar. Zako zimekauka mpaka zinapasuka, mbona hukati?"

"Marahaba. Sikati."

"Mama, bei ya mwaka huu haijawahi kutokea. Huko India wanazigombania."

"Wape za wengine."

"Kuna nini? Umeuza kwa mwingine?"

"Nikikata, Anselm, nitakaa wapi?"

Anselm hakuelewa. Mama akamwongoza kwa fimbo mpaka katikati ya shamba, akamwonyesha kiti. Anselm alikitazama, akatazama lile tundu, akatazama upande wa barabara. Akavua kofia.

"Basi tuache mistari miwili upande wa njia," alisema. "Nyingine tukate. Itakuziba."

"Kaa hapo nione."

"Mimi?"

"Kaa. Zishike zile zilizo mbele yako uzilaze, ubakize mistari miwili ya njiani, mimi niende barabarani."

Anselm akakaa, mtu mzima mnunuzi wa mazao, magoti yamebanana, amekumbatia mashina. Mama akachechemea mpaka kwenye lami ambayo haijawekwa, akasimama, akageuka.

"Nakuona!"

"Ongeza wa tatu!" alipaza sauti Anselm, akaachia mashina kidogo.

"Nakuona. Shati la bluu. Unanitazama."

"Wa nne?"

"Nakuona kichwa."

Lori likapita katikati yao, utingo akapiga mluzi na kumpungia Anselm mkono. Vumbi lilipotulia, mama alikuwa anarudi, fimbo ikitangulia.

"Umeona mwenyewe," alisema. "Zote zinabaki."

"Mama, utakula nini?"

"Kula nitakula kwa Mama Muzamil. Hili lingine kwa mtu haliendeki."

Anselm alikunja magunia yake matupu, akayabeba begani, akaaga. Zile mbaazi hazikukatwa. Zilisimama mpaka Septemba, shamba pekee Bonga nzima lililosimama, na bwana shamba akapita akamgombeza mbele ya watu kwa kuwa mkulima mvivu. Jua likipanda zilipasuka zenyewe, ta, ta, ta, punje zikidondoka chini kumzunguka pale alipokaa, na kuku wa mtaa wakanenepa.